Foleni ya Kigongo na Kipimo cha Mita 50

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Hamed Nilforoshan na wenzake kuhusu taarifa za mahali zilizotokana na simu za watu milioni 9.6 nchini Marekani. Simu mbili zikipita ndani ya mita 50, zikipishana kwa dakika zisizozidi 5, wenye nazo walihesabiwa kuwa wamekutana. Makutano yalifika bilioni 1.6, na hitimisho likawa kwamba miji mikubwa huwatenga matajiri na maskini zaidi kuliko miji midogo. Waandishi walijaribu vipimo vingine vya umbali na muda, na matokeo hayakuyumba. Kuhusu Marekani sina ugomvi nao. Ninachopinga ni wazo kwamba kipimo hicho kiletwe kwetu Tanzania kilivyo.

Kwamba simu huonyesha mwendo wa watu, hilo halibishaniwi tena. Tatem na wenzake walilionyesha mwaka 2009 kwa wateja 770,369 wa kampuni ya simu ya Zantel, Zanzibar. Wesolowski na wenzake wakalionyesha mwaka 2012 kwa karibu laini milioni 15 za Kenya, walipofuatilia malaria inavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria. Mwaka uliofuata kundi hilo la pili lilionyesha pia kuwa tofauti za umiliki wa simu haziharibu sana makadirio ya safari. Nakubali. Lakini kusafiri si kukutana, na mahali pa kulipima hilo ni Kigongo.

Hadi Juni 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa barabara kuu alisimama Kigongo, wilayani Misungwi, kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria. Kuvuka kulichukua kama nusu saa. Foleni ilichukua muda iliotaka yenyewe, saa mbili hata zaidi. Abiria walishuka kwenye mabasi wakaingia kivukoni kwa miguu. Mfanyabiashara wa dhahabu, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, dereva wa lori na mwanafunzi walisimama jua lilelile, mbele ya wauza samaki, karanga na maji. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa gari linavuka kwa dakika chache.

Daraja hilo lina upana wa mita 28.45. Tukishika kipimo cha Nature, kila basi linalopishana na lori pale juu limewakutanisha watu, kwa sababu upande mmoja hadi wa pili haufiki mita 50. Abiria wa dirishani, aliyelala, "amekutana" na dereva anayekuja mbio kutoka Geita. Mama aliyekuwa akiuza sato kwenye foleni, mwenye kitochi kisicho na programu yoyote ya kutoa mahali alipo, hakuwahi kukutana na mtu, hata kama aliwajua madereva kwa majina na kuwakopesha. Foleni iliyojaa mazungumzo na daraja lisilo na salamu vinaweza kutoa tarakimu zinazofanana. Kipimo kinachoshindwa kutofautisha hali hizo mbili hakipimi kukutana.

Nitajibiwa kwamba tutumie kumbukumbu za minara, ambazo kitochi nacho huacha. Sawa, lakini kumbukumbu hizo humwona mtu anapopiga au kupigiwa simu, anapotuma au kupokea ujumbe au pesa. Aliyeuza kwa fedha taslimu bila kugusa simu hakuacha alama. Tena mawimbi hayazuiwi na kitu juu ya maji: simu iliyo Kigongo yaweza kushika mnara wa Busisi, na muuzaji akaonekana amevuka ghuba bila kuinuka kwenye kigoda chake. Wengine watataja kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228 wakati uwezo wake ulikuwa abiria 101: idadi ya waliopanda haikujulikana, na simu zingesaidia kuikisia. Huenda. Huko ni kuhesabu vichwa, kazi ambayo simu huifanya vizuri.

La ajabu ni kwamba utafiti wa Nilforoshan wenyewe unaniunga mkono. Uligundua kuwa utengano hupungua pale maduka makubwa yanapojengwa katikati ya mitaa ya matajiri na ya maskini. Kigongo palikuwa mahali pa namna hiyo, ila hapakuchaguliwa na mtu. Maji yaliwalazimisha wote kusimama. Sisemi daraja lisingejengwa. Wagonjwa walifia kwenye foleni ile. Nasema takwimu za simu zitalisifu kwa sababu sahihi, kisha zinyamaze kuhusu kilichoondoka pamoja na foleni.

Faragha nayo haiepukiki. De Montjoye na wenzake walionyesha mwaka 2013 kuwa nukta nne za mahali na wakati zatosha kuwatambua asilimia 95 ya watu milioni 1.5, na kijiji cha kando ya ziwa kina watu wachache mno kuliko hao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatufunga.

Ningeomba, basi, takwimu za minara ya Usagara, Kigongo, Busisi na Sengerema za Mei na Julai 2025, zikiwa zimejumlishwa kwa saa bila namba ya mtu yeyote, nizitumie kwa swali moja tu: wasafiri wanasimama wapi siku hizi? Wauzaji watafutwe kwa miguu, kuanzia stendi ya Sengerema, waulizwe wanamuuzia nani sasa na nani bado wanamdai.