Kitovu cha Biashara cha Tukuyu

Kitovu cha biashara cha Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ni eneo la maduka na soko lililokulia karibu na boma la Wajerumani. Mji huo, wakati huo ukiitwa Neu-Langenburg, ulirithi utawala wa Langenburg ya pwani ya Ziwa Nyasa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa zao la serikali. Hoja hiyo ina uzito, kwani kodi ya fedha taslimu iliwalazimu wakulima kuuza mazao, na wenye maduka walifuata fedha hizo. Lakini boma halielezi uhai wake wa baadaye. Mbeya, iliyoanza miaka ya 1920 kwa msukumo wa dhahabu ya Lupa, iliipita Tukuyu kwa hadhi ya kiutawala; mwaka 1976 kampeni ya serikali iliyoitwa Operesheni Maduka ilibana wauzaji binafsi, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka huohuo. Hata hivyo biashara iliendelea. Kilichoibeba ni udongo wa volkano, mvua nyingi na barabara ya kutoka Uyole, karibu na Mbeya, hadi mpakani Kasumulu. Mikungu ya ndizi kutoka kata kama Kisondela hupangwa chini sokoni, mkulima na mchuuzi wakapatana bei papo hapo, kisha hupakiwa kwenye malori ya Fuso. Huenda ikasemwa kwamba faida kubwa huishia kwenye miji mikubwa. Ni kweli, hata hivyo sabuni, chumvi na mabati bado hununuliwa Tukuyu.