"Malaika" Mbele ya Kamera: Historia ya Wimbo Waliouchagua Wanafunzi Wetu

Katika muhula huu wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wametakiwa kutengeneza video fupi ya muziki kwa kutumia wimbo wa Kiswahili, kisha kuionyesha katika shule za sekondari zilizo jirani na chuo. Masharti yalikuwa machache: maneno yasikike vizuri, waigizaji wawe wanafunzi wenyewe, na kila kundi lieleze kwa nini limechagua wimbo huo na si mwingine. Sharti hili la mwisho ndilo lililozua mjadala mrefu idarani, na ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Wasomaji wetu walioko Dar es Salaam au Mombasa huenda wakajiuliza mjadala wa nini, kwani wimbo ni wimbo. Hapa Uganda mambo ni tofauti kidogo. Kiswahili kiliingia masikioni mwa watu wengi wa nchi hii kupitia jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo likazidi kukifunga kamba moja na bunduki. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukipa nafasi kubwa zaidi, ikiwa ni pamoja na kufundishwa shuleni. Sheria zimekwenda mbele, lakini kumbukumbu za watu hazibadilishwi na sheria. Mzazi wa rika fulani akisikia Kiswahili bado anakumbuka kizuizi cha barabarani: simama, shuka, lete kitambulisho. Video ya dakika nne itakayoonyeshwa mbele ya watoto wa mzazi huyo lazima iseme jambo jingine.

Pendekezo la kwanza la wanafunzi lilikuwa "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982. Ni wimbo wa furaha na kila mtu anaujua. Hata hivyo sisi tuliupinga. Ulizaliwa katika mazingira ya hoteli za kitalii za pwani ya Kenya, na Kiswahili chake ni kile cha kumkaribisha mgeni asiyekusudia kujifunza zaidi. Mwalimu anayehangaika kuwazoesha wanafunzi "hujambo" na "sijambo" atapata tabu mpya. Zaidi ya hayo, watu wetu wanakijua tayari Kiswahili cha amri. Tukiwaongezea Kiswahili cha mapokezi ya hotelini, tutakuwa tumewaonyesha vibanda viwili vya uani tukaiacha nyumba yenyewe.

Sisi walimu tulimpendekeza Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wanafunzi walisikiliza kwa heshima, kisha wakasema sauti ya santuri zile imechakaa mno na maneno hawayashiki. Hatukuwa na jibu.

Ndipo likaja "Malaika". Jina lenyewe halihitaji tafsiri hapa, kwani Mganda humwita kiumbe huyo *malayika*. Hata bibi asiyejua Kiswahili huufuatisha wimbo huu harusini, jambo la ajabu kidogo ukizingatia kwamba ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa. Masimulizi yake ni mafupi: kijana anampenda msichana, angependa kumwoa, lakini hana mali. Hakuna mengi zaidi. Kila mwanafunzi wetu wa kiume alielewa mara moja, na wa kike vilevile. Suala la mahari bado ni moto nchini. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ingawa haikupiga marufuku mahari yenyewe. Kwa hiyo wimbo wa zaidi ya nusu karne iliyopita uliwakuta wanafunzi wakizungumza habari zao wenyewe.

Ugumu ulianza pale tulipowaambia waandike jina la mtunzi mwishoni mwa video. Wengi waliandika Miriam Makeba. Kosa hili linaeleweka, maana Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, ndiye aliyeupeleka wimbo mbali. Aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Baadaye kundi la Boney M. liliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi katika albamu yake ya mwaka 1991. Ukiuliza mitaani utapata majina haya kwanza.

Lakini kabla ya hao wote alikuwapo Fadhili William, Mkenya mwenye asili ya Taita, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Kurekodi kwake ndiko kulikoufanya wimbo ujulikane Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi jina lake ndilo lililoandikwa kwenye nafasi ya mtunzi. Fadhili alifariki mwaka 2001 akiwa bado anashikilia kwamba wimbo ni wake. Kwa upande mwingine kuna Adam Salim, mwanamuziki kutoka Tanganyika, anayesemekana kuutunga alipokuwa akiishi Nairobi katika miaka ya 1945 na 1946, miaka zaidi ya kumi kabla ya santuri ya Fadhili. Yapo na majina mengine yaliyotajwa Kenya.

Baadhi ya wanafunzi walitutaka tutoe hukumu. Tulikataa, ila tuliwaeleza maoni yetu. Katika Nairobi ya wakati ule nyimbo zilipita kutoka gitaa moja hadi jingine kwenye kumbi na vibaraza, na mtu aliweza kuimba wimbo kwa miaka bila karatasi yoyote. Aliyefika kwanza studio ndiye aliyepata karatasi. Inawezekana kabisa mmoja alitunga, mwingine akaupa sura tunayoijua leo, na kila mmoja akaamini kwa dhati kuwa ni wake. Wenzetu wanaofundisha fasihi simulizi watalitambua tatizo hili: mstari kati ya mtunzi na mghani haukuwa mnene, mpaka fedha zilipoingia. Na fedha ziliingia kweli, ingawa si kwa wale waliokuwa karibu zaidi na chanzo. Wimbo wa kijana asiye na mali ukawa mali ya kugombaniwa.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kama mtunzi ni Fadhili, wimbo una ulinzi hadi mwaka 2051. Kuucheza darasani kwa ajili ya mafunzo ni jambo moja. Kuiweka video kwenye YouTube ni jambo jingine linalohitaji idhini. Wanafunzi walidhani wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Huu una wenyewe wengi mno.

Upande wa lugha nao ulitupa kazi nzuri. Tuliwaonyesha kiambishi -nge- kikibeba masharti yasiyotimia, na ki- ya kudunisha ambayo hapa inabembeleza badala ya kudharau. Mwanafunzi mmoja aligundua kwenye kamusi kwamba malaika ni pia vile vinyweleo laini vya mwilini, na darasa likacheka hadi kengele ikalia. Ila lililotushughulisha zaidi ni kitenzi "kuoa". Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Maneno ya wimbo ni ya mwanamume, lakini Makeba na Kidjo, wanawake wawili, waliyaimba yalivyo bila kugeuza kitenzi, na dunia haikushtuka. Mwimbaji wa kundi letu ni msichana. Je, aimbe kama mwanamume, au abadilishe kauli? Akibadilisha, mizani ya mstari inavurugika, na kisa chenyewe kinageuka, kwani anayetakiwa kutoa mali si yeye.

Kundi limeamua kuacha maneno kama yalivyo, na kumpa msichana sauti huku kijana akionekana kwenye picha akihesabu noti zisizotosha. Mwishoni yataandikwa majina mawili, Fadhili William na Adam Salim, pamoja na neno moja kwamba utunzi una mgogoro. Barua ya kuomba idhini imekwisha kuandikwa kwenda Nairobi. Hadi jibu litakapopatikana, video itaonyeshwa madarasani tu.