Shamba la Nabothi na Hoja ya Wameru

Tusomapo habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21, mara nyingi tunakimbilia kwa Yezebeli na mashahidi wake wa uongo. Nadhani tunakimbia mno. Ahabu alianza kwa adabu: aliahidi shamba zuri zaidi au fedha. Kwa hesabu ya sokoni hakukosea. Nabothi alikataa kwa sababu ardhi ile haikuwa bidhaa, ilikuwa urithi wa baba zake.

Wazee wetu wa Meru walikutana na ahadi ya namna hiyo. Kufuatia mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, serikali ya Mwingereza iliamua kwamba Engare Nanyuki iwe ya walowezi wafugaji. Wenyeji waliahidiwa fidia na ardhi nyingine King'ori. Wakakataa vyote viwili. Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hawakushika mikuki. Waliandika malalamiko, wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda.

Hapa ndipo penye funzo la kusoma. Hoja yao haikuegemea machozi, ingawa machozi yalikuwepo. Walishika neno la Mwingereza mwenyewe: kwamba amekabidhiwa Tanganyika kama mdhamini, kwa faida ya wenyeji. Basi mlezi wa yatima akichukua shamba la yatima na kumpa ndugu yake, je, bado ni mlezi? Swali hilo halimtaki msikilizaji awe ameuona Mlima Meru. Hata mjumbe wa nchi ya mbali, asiyejua mgomba ni nini, angelielewa.

Wengi walielewa, lakini si wa kutosha. Desemba 1952 azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati ule, kama vile Nabothi naye hakurudishiwa.

Kirilo na Seaton waliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Na mwaka 1955, Julius Nyerere aliposafiri kwenda kuzungumza mbele ya Baraza lile lile, alikuta njia imekwisha kukanyagwa na Mmeru.