Ndege na Miti katika Picha za Mbao za Japani

Tukishika picha ya ndege iliyopigwa chapa Japani zamani, macho yetu hutafuta kwanza jina la mchoraji. Twasema: ni kazi ya Hiroshige. Twasema kweli, lakini si kweli yote.

Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 mjini Edo, ndio Tokyo ya leo. Baba yake alikuwa mkubwa wa wazima moto. Wazazi wake walipofariki mwaka 1809, kijana alirithi kazi hiyo, tena akajifunza kuchora. Katika miaka ya 1830 alitoa picha nyingi za shomoro, mbayuwayu na korongo. Watu walizielewa upesi: korongo na msonobari ni ishara ya maisha marefu, maua ya mti wa ume, yanayochanua theluji ingalipo, hutangaza mwisho wa baridi.

Sasa tutazame jinsi zilivyofanywa. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Fundi wa kuchonga aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akakata kandokando ya kila mstari, hata unyoya mdogo kabisa. Hivyo mchoro wenyewe uliharibika, usionekane tena. Tangu mwaka 1765 picha za rangi nyingi zilienea, nazo zilidai mbao kadhaa, kila rangi na mahali pake. Mpiga chapa alipaka rangi ubaoni, akalaza karatasi ya maganda ya mti wa kozo, akaisugua mgongoni kwa kisuguo kilichofunikwa na ganda la mwanzi. Rangi ikikosea mahali pake kidogo tu, ndege ameharibika.

Mwaka 1857 Hiroshige alitoa picha ya mti wa ume wa Kameido. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1887, Van Gogh aliiiga mjini Paris kwa rangi za mafuta. Dunia ikashika majina mawili. Lakini mistari ile aliyoipenda Van Gogh ilikatwa kwa kisu cha fundi, ambaye kwa desturi jina lake halikuandikwa.

Hatumpunguzii Hiroshige heshima yake. Ila, ndugu wasomaji, anayeandika historia kwa majina yaliyotiwa sahihi tu ameandika nusu. Tukiona tena ndege juu ya tawi, tuulize pia: ni mkono wa nani uliokata unyoya huu?