Kwa nini kliniki ya presha ipo katika zahanati za kaunti moja na haipo katika nyingine?

Huenda unapimwa presha na kupewa dawa katika zahanati iliyo karibu na nyumbani. Ukihamia kaunti nyingine ya Kenya, unaweza kuambiwa uende hadi hospitali ya kaunti ndogo kupata huduma hiyo hiyo. Hapa tunaeleza sababu, na unachoweza kufanya ili usikose dawa.

Nani huamua?

Tangu 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya serikali za kaunti 47. Wizara ya Afya hutoa sera na miongozo. Kaunti ndizo huajiri wahudumu, hununua dawa na kupanga bajeti. Ndiyo maana huduma mpya haianzi siku moja kila mahali. Makueni, kwa mfano, ilianzisha mpango wake wa matibabu kwa wakazi mwaka 2016.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka wahudumu wa afya ya jamii, zahanati (ngazi ya 2), vituo vya afya (ngazi ya 3) na hospitali ya karibu vifanye kazi kama mtandao mmoja. Timu ya wataalamu, ikiwemo daktari wa familia pale alipo, husaidia vituo vidogo kutunza wagonjwa wa presha na kisukari.

Kwa nini bado kuna tofauti?

- Madaktari wa familia ni wachache. Mafunzo yao yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005.
- Zahanati nyingi huendeshwa na wauguzi na maafisa wa kliniki. Wasipopata mafunzo na dawa za kutosha, huduma hukwama.
- Katika kaunti pana kama Turkana na Marsabit, timu husafiri mbali sana kufikia kituo kimoja.

Ufanye nini?

- Kabla ya kuhama, omba barua ya rufaa na dawa za angalau mwezi mmoja.
- Beba daftari lako la kliniki. Liwe na majina ya dawa na kiasi unachomeza.
- Jisajili na SHA kwa kupiga *147#. Ukisajiliwa, hupaswi kulipia huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA.
- Ukifika, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Muulize ni kituo gani kina kliniki ya presha, na siku gani.
- Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote.

Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu ya kifua, ukishindwa kupumua vizuri, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla. Usingoje siku ya kliniki.