Baraza namba 242

Nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza niliandika programu ya kikoba cha mama mdogo, kule Tanga. Kina mama wale walikuwa wakitunza hisa, mikopo na faini zao kwenye kauntabuku moja iliyochakaa, nami niliona aibu kwa niaba yao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata A katika somo la usanifu wa programu. Ruwaza zote 23 za usanifu nilikuwa nazo kichwani kwa majina, kama mtoto anavyokuwa na jedwali la kuzidisha.

Nikazipachika nane ndani ya programu ile. Niliweka Kiwanda cha kuzalisha wanachama, ingawa mwanachama alikuwa wa aina moja tu. Niliweka Kitu Pekee cha kushika mipangilio, na Mtazamaji wa kutangaza mabadiliko ambayo hakuna aliyeyasubiri. Baada ya miezi minne kikao kikapitisha kwamba faini ya kuchelewa ipande, na mwenye msiba asitozwe kabisa. Jambo dogo. Lakini hesabu ya faini ilikuwa imetawanyika sehemu sita, na kila nilipogusa moja, nyingine iliharibika. Mwanachama mmoja akaonyeshwa anadaiwa mkopo alioumaliza mbele ya wenzake. Mama mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, acha. Daftari letu tunalijua." Wakarudi kwenye kauntabuku.

Nilipoanza uzamili nikaamua kujifunza ruwaza upya, safari hii vizuri. Nilitafuta vitabu, video na kozi, nikakuta vingi vimefanana na zile notisi za kutoa kopi nilizozisomea mwanzo: jina la ruwaza, mchoro wa visanduku na mishale, kisha mistari ishirini ya msimbo kuhusu piza au bata. Msimamizi wangu aliponisikia nikilalamika aliniuliza swali moja: "Wewe unajua zilitoka wapi?" Sikujua. Nilidhani zimetoka kwa watu wa kompyuta.

Zimetoka kwa mjenzi wa nyumba. Christopher Alexander alizaliwa Vienna mwaka 1936, akakulia Uingereza, akasomea hisabati na usanifu majengo, halafu akafundisha kwa miaka mingi Berkeley, California. Mwaka 1977, yeye na wenzake, wakiwemo Sara Ishikawa na Murray Silverstein, walichapisha A Pattern Language, kitabu kinene chenye ruwaza 253. Kinaanzia kwenye mgawanyo wa nchi na maeneo, kinashuka hadi mji, mtaa, nyumba, chumba, na kinaishia kwenye vitu unavyotundika ukutani. Kila ruwaza inaeleza tatizo linalojirudia, nguvu zinazovutana ndani yake, na namna ya kuzipatanisha. Namba 159, kwa mfano, inataka chumba kipate mwanga kutoka pande mbili.

Nilipofika namba 242 niliweka kitabu chini. Inahusu benchi la nje karibu na mlango wa mbele, mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kukaa kwa saa nyingi akitazama watu wakipita. Ni baraza. Kikoba cha mama mdogo hukutana kwenye baraza. Hakuna aliyewafundisha mafundi wa Tanga, Lamu au Unguja kwamba wanajenga "ruwaza". Walijua tu kwamba mtu anataka kuwa na wenzake bila kumwingiza kila mpita njia ndani, na kwamba anataka kuona mtaa huku mgongo wake ukiwa umeegemea kwake. Baraza ni jibu la mvutano huo. Ukilijenga nyuma ya nyumba, mbele ya ukuta mtupu, litabaki na umbo la baraza, lakini halitakuwa na kazi.

Alexander alikuwa na lengo ambalo notisi zangu hazikulitaja hata kwa neno moja: alitaka wakaaji washiriki kusanifu nyumba zao wenyewe. Ruwaza zilikuwa lugha ya kuwapa wao.

Ndivyo zilivyoingia kwenye kompyuta pia. Mwaka 1987, Kent Beck na Ward Cunningham walipeleka taarifa fupi kwenye mkutano wa OOPSLA uliofanyika Orlando. Walikuwa wakitumia lugha ya Smalltalk, na walikuwa na kazi ya mfumo wa kupima vifaa vya semikonda. Badala ya kuwachorea watumiaji sura ya programu, waliwapa ruwaza tano tu za kupanga madirisha na menyu, kisha wakawaachia watumiaji hao wasanifu wenyewe. Usanifu uliotoka ulikuwa mzuri kuliko walivyotarajia. Nilisoma habari hiyo nikiwafikiria kina mama wa kikoba. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao ni kitu gani katika kikoba hubadilika mara kwa mara. Wangenijibu kwa sauti moja: faini.

Kitabu ambacho kila mtu anakijua kilifuata miaka saba baadaye. Erich Gamma alimaliza udaktari wake Zurich mwaka 1991, na tasnifu yake ilikuwa na mbegu ya kazi hiyo. Akaungana na Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, wakatoa Design Patterns mwishoni mwa mwaka 1994, ingawa ndani kimeandikwa 1995. Watu wakawabatiza Genge la Wanne. Ruwaza zao ni 23: tano za kuumba vitu, saba za kuviunganisha, kumi na moja za namna vinavyofanya kazi pamoja. Mifano ya msimbo imo kwa C++ na Smalltalk.

Nilikuwa nimejiandaa kuwalaumu hawa wanne. Nilipokisoma chenyewe, lawama ikaniishia mdomoni. Kila ruwaza ina sehemu 13, na mchoro ni moja tu kati ya hizo. Kuna sehemu ya kisa kinachoonyesha tatizo, sehemu ya kueleza ni wakati gani ruwaza inafaa, sehemu ya gharama na faida, na sehemu ya kutaja programu halisi zilizowahi kuitumia. Hawakudai kubuni chochote. Walikusanya kilichokuwa kinafanya kazi. Mtazamaji, kwa mfano, alikuwa akifanya kazi ndani ya Smalltalk miaka mingi kabla hajaandikwa kitabuni, ndani ya ule mpango wa kutenganisha data na sura yake ambao Trygve Reenskaug wa Norwe aliuandika mwaka 1979 akiwa Xerox PARC.

Basi kilichopotea kilipotelea njiani, kwenye kunakili. Mchoro unanakilika haraka na unasahihishika haraka kwenye mtihani. Kisa na gharama vinahitaji kurasa. Kwa hiyo kila aliyefupisha aliacha kile kile, na aliyemfuata akafupisha ufupisho. Sisi tuliofika mwisho wa foleni tulipewa mabaraza 23 bila nyumba hata moja.

Onyo lilikuwepo mapema. Mwaka 1996 Peter Norvig alionyesha kwamba ruwaza 16 kati ya 23 huwa nyepesi zaidi, au hupotea kabisa machoni, ukitumia lugha kama Lisp au Dylan. Maana yake ni kwamba baadhi ya tulivyokariri kama kanuni za milele vilikuwa dawa ya upungufu wa lugha fulani. Mwaka huo huo Alexander mwenyewe alialikwa kuhutubia OOPSLA, San Jose. Alikuwa mgeni kwa watu waliomgeuza babu yao, na aliwauliza jambo ambalo bado halijazeeka: katika majengo, yeye alipima ruwaza kwa kuangalia kama mahali panakuwa na uhai zaidi na watu wanaishi vizuri zaidi. Je, programu zenu zinafanya hivyo?

Palikuwa pia na mahali ambapo maarifa haya yalijadiliwa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1994 waandishi wa ruwaza wamekuwa wakikutana katika mikutano ya PLoP, iliyoanzia Illinois. Richard Gabriel, mtu wa Lisp na mshairi, aliwaletea utaratibu wa washairi: mwandishi anakaa kimya huku wenzake wakijadili kazi yake mbele yake, wakianza na kilicho kizuri. Naye Cunningham, alipotaka watu waandike ruwaza pamoja, alifungua mwezi Machi 1995 tovuti ambayo yeyote angeweza kuihariri. Aliiita kwa neno la Kihawaii lenye maana ya haraka: wiki. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili ambayo wengi tumewahi kuitegemea usiku wa kuamkia mtihani, ni kitukuu cha jitihada za kukusanya ruwaza.

Kwa hiyo, rafiki akiniuliza leo aanzie wapi, simpi orodha. Namwambia asome taarifa ile ya 1987 kwanza, kwa sababu ni fupi na inawataja watumiaji. Kisha afungue kitabu cha wanne na asome kisa na gharama kabla hajatazama mchoro. Head First Design Patterns cha 2004 ni kizuri kwa anayeanza na Java, na Joshua Kerievsky, mwaka huo huo, aliandika namna ya kuifikia ruwaza taratibu kutoka kwenye msimbo mbovu ulionao tayari. Halafu atafute programu moja halisi inayomuuma mtu.

Yangu ninayo. Likizo iliyopita nilikwenda Tanga bila kompyuta, nikakaa barazani kikao kizima nikiwa kimya, kama mwandishi mbele ya washairi. Faini ilijadiliwa mara tatu. Masharti ya mkopo yalibadilishwa mara moja. Hisa hazikuguswa. Kikao kilipoisha nikamwomba mama mdogo aniazime kauntabuku nilisome usiku. Alinitazama kidogo, akanipa.

"Ukilipoteza," akasema, "faini yake haijapangwa bado."