Nasaba ya Mtihani wa Kuchagua Jibu

Mwaka 1912, huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walitwaa karatasi za mtihani wa Kiingereza za wanafunzi wawili, wakazitolea nakala, wakawapelekea walimu zaidi ya mia moja wa sekondari wazisahihishe kwa kadiri ya ada yao. Na alama ziliporejea ikadhihirika kwamba kazi ile ile iliyopewa 50 na mwalimu mmoja ilikaribia mia kwa mwalimu mwingine, ingawa hapakuwa na ghiliba yoyote, kila mmoja akiwa amehukumu kwa insafu yake. Katika wasiwasi wa zama hizo ndimo ulimokulia mtihani wa kuchagua jibu, ambao leo mkufunzi wa walimu wa lugha huutunga mtandaoni kwa muda mchache, pasi na kuwaza umetoka wapi.

Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Frederick Kelly wa Kansas, kwa mtihani wake wa kusoma kimya wa mwaka 1915. Mtoto aliwekewa majina ya ng'ombe, simbamarara, panya na mbwa mwitu, akaambiwa azungushie mstari mnyama mwenye manufaa shambani. Hakuandika hata neno moja, na msahihishaji naye hakubakiwa na la kufikiri. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia Wamarekani, mtindo huo ulitumika kuwapima askari wapatao 1,700,000.

Lakini aliyeutia mtihani huo roho ya ualimu, kwa maoni yangu, ni Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyeonyesha katikati ya miaka ya 1920 mashine ndogo yenye kidirisha cha kusomea swali na vibonyezo vinne vya kujibia. Kwa kawaida yake mashine ilihesabu tu majibu sahihi. Bali ukiinua wenzo mdogo ilibadili tabia, ikakataa katakata kuleta swali la pili mpaka mwanafunzi apate la kwanza. Pressey aliiwezesha hata kutoa peremende kwa aliyefikisha idadi iliyowekwa, takrima ambayo sidhani kama walimu watu wazima wangeikataa. Wanunuzi walikuwa haba, mdodoro wa uchumi ukaja, na mwaka 1932 akaiacha kazi hiyo.

Katika lugha, mwanaisimu Robert Lado alitoa mwaka 1961 kitabu kilichohimiza kupima sauti, msamiati na sarufi kipengele kwa kipengele, njia iliyolandana na maswali ya kuchagua, na mwaka 1964 TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, ukaanza. Baadaye Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kilitoa programu ya Hot Potatoes, iliyomwezesha mwalimu asiye fundi wa kompyuta kutunga maswali ya kuchagua, kujaza mapengo na kuoanisha. Na mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia akatoa Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ambamo wenzo wa Pressey umerudi kwa sura nyingine, kwa kuwa mkufunzi aweza kuruhusu majaribio kadhaa, kisha akaamua ihesabiwe alama ya juu, ya wastani, ya kwanza au ya mwisho.

Kwa mwalimu mwanafunzi mimi ningehesabu ya mwisho. Hata hivyo mtihani wa kuchagua utampima kama ajua ngeli ya neno, wala hautamwona mbele ya darasa linalokosea upatanisho wa ngeli hiyo. Kwa haja hiyo Moodle ina pia swali la insha, nalo hubaki bila alama mpaka mkufunzi alisome mwenyewe.